Mnara Uko Wapi? Kusoma Picha za Unguja Iliyotoweka

Ukipewa picha ya zamani ya Mji Mkongwe iliyopigwa kutoka baharini, usihangaike kwanza na maandishi ya nyuma. Tafuta mnara. Ukiuona umesimama mzima, peke yake ufukweni, mbele ya majumba ya Sultani, haukugusana na jengo lolote, basi picha hiyo ilipigwa kabla ya tarehe 27 Agosti 1896. Ukiuona umeshikamana na uso wa mbele wa Beit al-Ajaib, picha ni ya 1897 au baada yake. Na kama Beit al-Ajaib ipo lakini mnara haupo, tazama kushoto kwake. Kukiwa na magofu, una picha adimu ya miezi ile ya baada ya mizinga ya Waingereza ya Agosti 1896. Kukiwa na uzio wa mafundi na magari, una picha ya juzi tu, baada ya tarehe 25 Desemba 2020, siku sehemu ya mbele ya jumba hilo ilipoporomoka na mnara wake na watu wawili wakapoteza maisha.

Jengo moja hutaja umri wa picha nzima. Watu waliomo wanaweza kuwa wamevaa kanzu na vikoi vilevile kwa miaka 60, na jahazi la 1880 halina tofauti kubwa na jahazi la 1940. Majengo ndiyo yanayosema kweli, hasa yale ambayo hayapo tena, kwa kuwa yana tarehe ya kufa. Ndiyo maana anayetaka kuusoma mji kwa picha huanza na orodha ya marehemu.

Unguja ina bahati yake katika jambo hili. Kamera ilifika mapema. James Augustus Grant, aliyepita hapa mwaka 1860 akiwa na John Hanning Speke katika safari ya kutafuta chanzo cha Nile, alipiga picha ambazo ni miongoni mwa za mwanzo kabisa kupigwa katika pwani yetu, soko la watumwa likiwemo. Miaka 13 baadaye soko lile lilifungwa, kwa mkataba wa 1873, na mahali pake likajengwa kanisa kuu la Kianglikana la Mkunazini. John Kirk, balozi wa Uingereza aliyekaa Unguja miaka mingi, naye alikuwa na kamera na alijua kuitumia. Kisha wakaja Wagoa, na hao ndio waliotuachia hazina kubwa: A. C. Gomes, ndugu wa Coutinho, Pereira de Lord. Walifungua studio, wakapiga picha za masultani, mabalozi, wauza nazi na maharusi, wakageuza nyingine kuwa postikadi na kuziuza kwa abiria wa meli. Mgeni alishuka asubuhi, akanunua kadi mbili, akapanda meli jioni. Leo kadi hizo zinatoka kwenye madroo ya London na Hamburg, na sisi ndio tunaozinunua tena kwa bei ya ajabu.

Nikae kidogo kwenye picha ya aina moja, kwa sababu imepigwa mara nyingi na wapigaji tofauti, na yeyote anaweza kuikuta. Kamera iko ndani ya meli au mashua, mbele ya mji. Kulia kabisa kuna Ngome Kongwe, kuta zake nzito na minara yake mifupi ya duara. Inayofuata ni Beit al-Ajaib, iliyokamilishwa na Seyyid Barghash mwaka 1883, imezungukwa na roshani pana zilizobebwa na nguzo za chuma cha kusubu. Jumba hili halikujengwa kwa hesabu ya majumba mengine ya mji. Nyumba ya mawe ya Unguja hupimwa kwa boriti: chumba hakiwezi kuwa kipana kuliko urefu wa mti wa mkoko unaobeba dari, na ndiyo sababu vyumba vya Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba. Barghash alitumia chuma, akapata kumbi ambazo boriti isingezibeba. Chuma hichohicho, kwa hewa ya chumvi na paa linalovuja, si rafiki wa kudumu, na picha za karibuni za nguzo zake zilizojaa kutu zilikuwa zikilisema hilo miaka mingi kabla ya 2020.

Kushoto kwa Beit al-Ajaib, katika picha ya kabla ya 1896, kuna majumba mawili ambayo mtu aliyezaliwa Unguja leo hakuyaona: Beit al-Hukm, halafu Beit al-Sahel, kasri ya zamani kuliko zote tatu. Ukitazama kwa makini, hasa kama picha imechapwa kutoka kwenye kioo na si kunakiliwa kutoka gazetini, utaona vivuko vilivyofunikwa vikiunganisha jumba na jumba, juu ya vichwa vya wapita njia. Vilijengwa ili wanawake wa nyumba ya Sultani wapite bila kuonekana. Na mbele ya yote, karibu na maji, unasimama ule mnara, wenye saa na taa za kuongozea vyombo. Mabaharia wa Kizungu walikuwa wakiufanyia mzaha, wakauita mti wa Krismasi wa Sultani kwa wingi wa taa zake.

Sasa weka picha ya pili kando ya ile ya kwanza. Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla. Binamu yake, Khalid bin Barghash, akaingia kasri na kujitangaza bila ridhaa ya Waingereza. Wakampa muda wa kutoka. Hakutoka. Tarehe 27, saa tatu na dakika mbili asubuhi, meli za Admirali Harry Rawson zilianza kufyatua, na haikufika saa nzima kazi ilikuwa imekwisha. Waliouawa na kujeruhiwa upande wa kasri walikuwa kiasi cha watu 500. Khalid alikimbilia kwa balozi wa Ujerumani, na baadaye akavushwa Dar es Salaam. Vitabu huipenda hadithi hii kama kichekesho cha vita vifupi kuliko vyote duniani. Anayezitazama picha za siku zilizofuata hacheki.

Wapigaji picha hawakuchelewa. Sehemu kubwa ya kasri ilikuwa ya mbao, na moto ulimalizia kilichobakizwa na mizinga. Katika picha hizo mnara ule wa ufukweni umetobolewa, na baadaye haukuachwa kusimama. Beit al-Hukm ni ngazi zinazopanda pasipo na mahali pa kufika. Kuta zimeanguka upande wa bahari, na kwa hiyo unaona vyumba: milango ya ndani, madirisha ya vioo, mashubaka ya kuwekea vyombo, sakafu zilizoning'inia. Hapa ndipo picha hizi zinaponigusa kuliko nyingine zote. Kwa muda wote kasri ile ilipokuwa hai, kamera ilisimama nje. Hakuna Gomes wala Kirk aliyeruhusiwa kuingiza miguu mitatu ya kamera yake kwenye vyumba vya wanawake. Kwa watu wengi wa mji, na kwa karibu kila mtazamaji wa baadaye, ndani ya nyumba ile palionekana kwa mara ya kwanza siku ukuta ulipovunjwa kwa mizinga. Kwa hiyo picha zinazotuonyesha ndani ya nyumba ni picha za nyumba iliyokwisha kufa.

Kwa uhai wake itabidi uende kwa aliyekulia humo. Salme binti Said, aliyezaliwa kasri ya Mtoni mwaka 1844 na kufia Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1886, miaka kumi kabla ya mizinga. Anazipita kasri moja baada ya nyingine: nani alilala wapi, uwanja gani ulikuwa na kelele, ngazi gani zilikuwa na msongamano wakati wa chakula. Kitabu chake hakina haraka. Soma ukurasa wake wa Beit al-Sahel huku picha ya Gomes iko mezani, utaona dirisha ambalo lilikuwa shimo jeusi tu likipata mtu nyuma yake.

Kuna alama nyingine ya siku ileile ambayo wakusanyaji wa picha wanaithamini kuliko mnara, nayo iko majini. Sultani alikuwa na meli ya kivita, Glasgow, iliyojengwa Uingereza kwa amri ya Barghash baada ya kimbunga cha 1872 kuteketeza vyombo vyake. Asubuhi ile ya Agosti iliwajibu Waingereza kwa mizinga yake midogo, ikazamishwa palepale bandarini. Lakini maji ya mbele ya mji si ya kina kirefu. Meli ilikaa chini, milingoti yake mitatu na sehemu ya dohani vikabaki juu ya maji, na hapo vikakaa miaka hadi wavunja vyuma walipouondoa mzoga huo mwaka 1912. Kwa hiyo picha yoyote ya bandari ya Unguja yenye milingoti mitatu iliyochomoza majini bila meli chini yake ni ya kati ya 1896 na 1912, hata kama nyuma yake pameandikwa vingine. Nimeona kadi za namna hiyo zikiuzwa kwa maelezo kwamba ni za zama za Barghash. Barghash alifariki 1888.

Makosa ya aina hii yana sababu, na msomaji anayetaka kukusanya inafaa aijue. Studio ilihifadhi vioo vyake. Picha iliyouzwa vizuri iliendelea kuchapwa hata baada ya jengo kuondoka, kwa sababu mgeni hakujua, na muuzaji hakuona haja ya kumwambia. Muhuri wa posta unakueleza kadi ilitumwa lini. Lini kamera ilifunguliwa ni swali jingine. Halafu kuna rangi. Kadi nyingi za mwanzo wa karne ya 20 zilipelekwa Ulaya kuchapwa, na huko fundi asiyewahi kuiona Unguja alipaka bahari, paa na kanzu kwa brashi yake. Ukisoma mahali kwamba kasri fulani ilikuwa ya rangi ya waridi na ushahidi ni kadi ya aina hiyo, usiamini. Na mitaa mitupu usiiamini pia. Kioo cha zamani kilihitaji muda kushika mwanga, na aliyekuwa akitembea hakushikwa. Darajani haikuwahi kuwa kimya vile.

Darajani yenyewe ni mfano mzuri, maana jina limebaki na daraja limeondoka. Kijana anayepanda daladala pale hana sababu ya kujiuliza daraja liko wapi. Picha za zamani zinamjibu: palikuwa na maji. Mkono wa bahari uliingia kutoka kaskazini na kuutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo. Maji yakijaa, mashua zilielea pale ambapo leo panauzwa mchele na viatu vya mtumba. Ulifukiwa hatua kwa hatua katika karne ya 20, na barabara kubwa ikapita juu yake. Katika picha za mwanzo wa karne hiyo utaona pia kitu kingine ambacho wengi hudhani ni utani: treni. Kampuni ya Kimarekani ilijenga mwaka 1905 reli nyembamba kutoka Ngomeni hadi Bububu, maili 7 hivi, na treni ikapita katika mitaa ya Malindi ikikaribia mabaraza kiasi kwamba aliyeketi alilazimika kukunja miguu. Ilibeba abiria kwa miaka isiyozidi 25. Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waarabu baada ya kuondolewa Wareno, ikawa kituo na karakana.

Nje ya mji, kwenye njia hiyohiyo ya Bububu, kuna Maruhubi. Barghash aliijenga kasri ile kwa ajili ya wake na masuria, ikaungua mwaka 1899. Watalii leo huonyeshwa safu za nguzo nene zisizobeba kitu na hamamu. Picha ya kabla ya moto inaonyesha nguzo hizo zilikuwa zikibeba nini: roshani kubwa ya mbao iliyozunguka ghorofa ya juu. Mtu akisimama penye nguzo na picha mkononi atafahamu haraka kuliko kwa maelezo ya saa nzima. Ningekuwa mwenye mamlaka, ningeweka picha hiyo pale, kubwa, nyuma ya kioo, na kibao cha maneno mawili matatu.

Filamu ni habari tofauti. Kwanza, tujihadhari na majina. West of Zanzibar ya 1928 na Road to Zanzibar ya 1941 zote zilitengenezwa Marekani, na Unguja haimo hata tofali moja. Chenye faida ni vipande vya habari. Kampuni ya British Pathé, iliyokuwa ikipeleka habari za picha kwenye sinema za Uingereza, ilifungua mwaka 2014 hazina yake ya filamu 85,000 zitazamwe bure mtandaoni, na vipande vya Unguja vimo. Mpiga filamu wa habari hakujali majengo. Alimfuata mgeni rasmi: mkono wa Sultani Khalifa, kofia ya Balozi Mkaazi wa Uingereza, Prince Philip katika sherehe za uhuru za Desemba 1963. Mtazamaji wetu inabidi afanye kinyume chake. Simamisha filamu, msahau mgeni rasmi, tazama nyuma ya bega lake. Pale ndipo ulipo ukuta, bango la duka, paa ambalo hakuna aliyekusudia kulipiga. Filamu ina faida moja ambayo picha haina: kamera ikigeuka, unaona jengo limepakana na nini, na uchochoro unaingilia wapi. Filamu ya Wataliano Jacopetti na Prosperi, Africa Addio ya 1966, ina picha za Unguja za Mapinduzi ya Januari 1964 zilizopigwa kutoka angani, na inabishaniwa hadi leo kwa kile inachokionyesha na kwa jinsi ilivyopangwa. Siitumii kutafutia mapaa. Yaliyomo humo ni maisha ya watu, na yanahitaji kitabu chake na mwandishi mwenye moyo mgumu kuliko wangu.

Lakini mahali filamu zilipotazamwa ni jambo jingine, na ni moja ya mambo ya kushangaza ya mji huu. Unguja ilikuwa na sinema kabla ya miji mingi ya bara. Ilikuwapo Sinema ya Bati, jina lilijieleza lenyewe. Mwaka 1921 ikafunguliwa Royal, iliyochorwa na J. H. Sinclair, yuleyule aliyechora jumba la makumbusho la Beit al-Amani. Royal iliungua katika miaka ya 1950, ikajengwa upya kwa jina la Majestic. Kulikuwa na Empire, kulikuwa na Sultana iliyokuja kuitwa Cine Afrique baada ya Mapinduzi. Awaara na Mother India zilijaza viti, na Jumapili jioni watu walivaa kama kwa sikukuu. Mwanahistoria Laura Fair, aliyeandika kitabu kizima juu ya sinema za Tanzania na kukichapisha mwaka 2018, hakuweza kukitegemeza kwa picha. Alikaa na wazee akawauliza. Na ukifikiri utaona sababu: katika jumba lile kila mtu aliangalia picha na hakuna aliyepiga picha. Ndani kulikuwa giza. Tuna mabango, tuna tiketi, tuna sura za nje. Ukumbi wenyewe, tangu safu ya viti vya bei nafuu hadi kwenye roshani, tunao kwa midomo ya waliokaa humo.

Hilo linanileta kwenye jambo ambalo picha zote hizi nzuri zinaweza kutusahaulisha. Hesabu vitu vilivyotajwa katika sura hii: kasri, kasri, mnara, ngome, kasri, sinema. Mkusanyo wa Winterton ulioko Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, una picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki za kati ya 1860 na 1960, na unaweza kuutazama ukiwa kitandani na simu yako. Tafuta humo ufukwe wa Unguja, utaona kila pembe ya Beit al-Ajaib. Kisha tafuta nyumba moja ya Ng'ambo, ya mtu mmoja unayeweza kumtaja jina, mtaa unaoweza kuutaja. Hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu.

Ng'ambo ndiyo walikoishi watu wengi wa mji huu: wachukuzi, mafundi, wapishi, wavuvi, waliokuwa watumwa na watoto wao. Nyumba zao zilisukwa kwa fito na miti, zikakandikwa udongo na vipande vya mawe, zikaezekwa makuti, na aliyejaliwa aliweka bati au debe lililofunguliwa na kunyooshwa. Nyumba ilikuwa ya mwenye nyumba lakini kiwanja mara nyingi kilikuwa cha mtu mwingine, na kodi ya ardhi ilifika kuwa kero hata watu wakagoma kulipa mwaka 1928. Mwaka huohuo mwimbaji Siti binti Saad, mkaazi wa Ng'ambo, alisafirishwa Bombay kurekodiwa sahani za santuri. Tazama jinsi mambo yalivyo: sauti yake tunayo, hata mikwaruzo ya sindano tunayo, ila mabaraza ambako nyimbo zile zilisikika kwanza, chini ya taa ya karabai, hatuna hata kivuli chake. Wauza postikadi hawakuvuka daraja. Walipovuka, walipiga picha ya aina ya watu au ya mti wa mnazi, na chini wakaandika kijiji cha wenyeji, bila jina la mtaa wala la mtu.

Ndipo ukaja ujenzi wa baada ya 1964. Rais wa Zanzibar, Mzee Karume, aliahidi makazi ya kisasa, Ujerumani ya Mashariki ikaleta wataalamu wa ramani, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 nyumba za udongo zikabomolewa, mtaa baada ya mtaa, kupisha majumba marefu ya Michenzani. Sina ugomvi na Michenzani. Familia zilizopewa nyumba zile zilipata maji ya bomba na choo cha ndani, na yeyote anayezidharau aulize kwanza waliokuwa wakichota kwa ndoo. Ninachosema ni kwamba ubomoaji ule, uliogusa watu wengi kuliko mizinga yote ya Rawson, haukuwa na Gomes wake. Kwa Beit al-Hukm tuna picha ya kabla na ya baada. Kwa mitaa iliyokaa chini ya misingi ya Michenzani tuna zaidi picha za kutoka angani, na kutoka angani bati moja halina tofauti na bati jingine.

Zipo juhudi. Mpango ulioitwa Ng'ambo Tuitakayo, wa idara ya mipango miji ya Zanzibar na washirika kutoka Amsterdam, ulichukua ramani na picha hizo za angani ukazipeleka mitaani, watu wakaulizwa: hapa palikuwa na nini? Wakataja mabaraza, viwanja vya ngoma, visima, klabu za mpira, nyumba za watu mashuhuri. Atlasi iliyotokana na kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2019. Hivyo ndivyo picha ya angani inavyopata maana: kwa kidole cha mtu kilichosimama juu ya nukta.

Na picha za watu binafsi zipo nyingi kuliko tunavyodhani. Capital Art Studio, iliyofunguliwa mjini na Ranchhod Oza mwaka 1930, ilipiga maelfu ya sura za watu wa kawaida, na baada yake zikaja kamera za nyumbani: harusi, hitma, mtoto siku ya kwanza ya chuoni, baba na baiskeli mpya. Nyuma ya bibi harusi kuna mlango. Nyuma ya baiskeli kuna ukuta wa udongo, kona ya paa la makuti, pengine na jirani aliyejitokeza bila kuitwa. Mpiga picha hakuwa na haja na ukuta ule. Sisi tunayo haja.

Basi nakuomba ufanye jambo moja kabla ya kuanza sura inayofuata. Ulizia sanduku la picha la nyumbani kwenu, la bibi, la shangazi aliyehamia Muscat au Toronto, maana nyingi ziliondoka na wenyewe. Kila picha yenye kipande cha nyumba, andika nyuma yake kwa penseli, si kwa kalamu ya wino, kwa sababu wino hupenya: nyumba ya nani, mtaa gani, karibu na nini, mwaka upi au msimu upi, ilibomolewa lini. Kama mwenye kujua ni mzee, andika leo na usisubiri sikukuu. Kisha ipige picha kwa simu, pande zote mbili, na nakala moja uipeleke Nyaraka za Taifa pale Kilimani. Picha za kasri za Sultani wanazo za kutosha.